Vidonge vyeusi vimeniondolea maumivu kwa siku tatu. Je, niendelee navyo?

Salaam wataalamu,

Nina miaka 51, naishi Tanga. Hedhi ilinikoma miezi 14 iliyopita, na tangu hapo joto linanipanda ghafla kutoka kifuani hadi usoni mara nane au tisa kwa siku. Usiku naamka shuka limelowa. Nina presha, natumia amlodipini miligramu 5 kila siku.

Miezi minne iliyopita mikono ilianza kukaza asubuhi. Nikiamka vidole havikunjiki. Kitasa cha mlango nakifungua kwa kiganja, na inapita zaidi ya saa nzima kabla havijaachia. Vifundo vile vinavyotokeza ukikunja ngumi vimevimba, mikono yote miwili. Kukamua tui siku hizi namwachia binti yangu. Dada yangu mkubwa ana baridi yabisi na vidole vyake vimeshapinda, kwa hiyo hofu yangu mnaielewa.

Kwenye kundi la kina mama la WhatsApp ulizunguka ujumbe kwamba watafiti wa Taiwan waliwafuatilia wanawake waliokoma hedhi, wakaona kuwa waliotumia dawa za mitishamba za Kichina hawakupata sana magonjwa ya kinga ya mwili kujishambulia, kama baridi yabisi na lupasi. Mdogo wangu hufuata mzigo Guangzhou, nikamwagiza. Aliniletea chenga za kahawia zilizoandikwa Jia Wei Xiao Yao San, nakoroga pakiti moja kwenye maji ya moto mara tatu kwa siku. Aliniletea pia chupa ya vidonge vidogo vyeusi vya viungo. Maandishi yake yote ni ya Kichina. Muuzaji alisema vinne asubuhi, vinne jioni.

Siku ya tatu maumivu yakaisha kabisa. Sasa ni wiki ya saba. Uzito umepanda kilo 5, uso umejaa, watu wananiambia nimependeza. Lakini presha juzi ilikuwa 158/96, na nikiruka vidonge siku moja mwili wote unalegea. Je, niendelee? Na hizi dawa zitanikinga nisifike alipofika dada?

Mama wa Tanga

Majibu

Shikamoo mama, na pole sana kwa mikono.

Tuanze na vile vidonge vyeusi, maana ndivyo vyenye haraka. Usiviache ghafla leo, na usiendelee navyo zaidi ya siku moja au mbili zitakazokufikisha hospitali ya rufaa ya mkoa. Tunajua sentensi hiyo inaonekana kujipinga, lakini ina sababu yake.

Mitishamba ya viungo haiondoi uvimbe kwa siku tatu. Hata ule wenye nguvu kuliko yote katika tiba ya Kichina, ambao tutautaja huko mbele, huchukua wiki kadhaa. Kinachoweza kukunjua vidole vya baridi yabisi ndani ya siku tatu ni steroidi, yaani dawa za jamii ya prednisoloni na deksamethasoni. Kuzisaga kwa siri ndani ya vidonge vya "asili" vya viungo ni hila inayojulikana duniani kote. Mwaka 2022 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa tahadhari juu ya virutubisho vya viungo vilivyokutwa na deksamethasoni na diklofenaki (dawa ya maumivu) ambazo hazikutajwa kwenye lebo. Ikaonya pia kwamba aliyekwisha kuvizoea asivikatishe bila daktari.

Dalili zako zinaelekea hukohuko: uso kujaa, kilo 5 ndani ya wiki saba, presha kupanda, mwili kulegea ukiruka dozi. Jitazame na mengine. Je, kuna nyama imeongezeka nyuma ya shingo? Unapata michubuko bila kujigonga? Kuna michirizi ya zambarau tumboni au mapajani? Kiu na mkojo vimezidi? Majibu yote mpelekee daktari.

Kuhusu kutokukatisha: juu ya kila figo kuna tezi ndogo inayotengeneza homoni ya kotisoli, ile inayoushikilia mwili wakati wa homa, njaa au jeraha. Ukiiletea mwili steroidi kutoka nje kila siku, tezi hiyo hulala. Wiki tatu au nne zinaweza kutosha kuilaza. Wewe una saba. Ukizikata ghafla kabla tezi haijaamka, presha inaweza kuporomoka na sukari kushuka. Kwa hiyo daktari atakachofanya ni kukuhamishia kwenye prednisoloni ya kipimo kinachojulikana, kisha kuipunguza hatua kwa hatua. Anaweza pia kupima kotisoli ya saa mbili asubuhi aone tezi imeamka kiasi gani.

Ukianza kutapika, kuona kizunguzungu kila ukisimama, kuishiwa nguvu kabisa au kuzimia, nenda idara ya dharura muda huohuo na useme neno hili moja: "Nadhani nimekuwa nikimeza steroidi bila kujua." Wataelewa kwamba unahitaji sindano ya haidrokotisoni. Choo cheusi kama lami, macho ya njano au mkojo wa rangi ya chai ya rangi pia ni dharura. Choo cheusi ni vidonda vya tumbo vinavyovuja damu, na steroidi ikichanganywa na diklofenaki hufanya hivyo kirahisi. Macho na mkojo vinaelekeza kwenye ini.

Zile chenga, kwa upande wake, unaweza kuziacha leo hii bila kupunguza taratibu. Jia Wei Xiao Yao San ni dawa ya kweli, yenye historia ndefu, na Taiwan ndiyo inayoandikwa zaidi kwa wanawake wanaokoma hedhi. Kwa kawaida ina mizizi ya chai hu, dang gui, bai shao na bai zhu, uyoga wa fu ling, gome la mu dan pi, tunda la zhi zi na mzizi wa gan cao. Huo wa mwisho ndio susu, ule mzizi mtamu. Susu huzuia kimeng'enya cha figo kinachoizima kotisoli, na matokeo yake mwili hushikilia chumvi na maji huku ukipoteza potasiamu. Kwa mtu mwenye presha hilo peke yake ni tatizo. Tena susu huchelewesha mwili kuivunja prednisoloni, kwa hiyo kama kweli kuna steroidi ndani ya vidonge, chenga zimekuwa zikiiongezea nguvu. Presha yako ya 158/96 huenda imesukumwa na vyote viwili. Usijiongezee amlodipini mwenyewe. Pima potasiamu kwanza.

Mengine kuhusu chenga hizo kwa ufupi. Dang gui huongeza nguvu ya warfarini, hivyo mwenye kumeza dawa ya kuzuia damu kuganda asiiguse. Zhi zi ikitumiwa mfululizo kwa miaka mingi imeonekana, hasa Japani, kukakamaza mishipa ya utumbo mpana.

Sasa ule ujumbe wa Taiwan. Kule bima ya afya ya taifa ilianza mwaka 1995, inagusa karibu kila mwananchi, na inalipia tiba ya Kichina sambamba na ya hospitali. Kumbukumbu zake ni hazina. Mtafiti anaweza kuchukua maelfu ya wanawake waliokoma hedhi, akawagawa kati ya walioandikiwa mitishamba na wasioandikiwa, kisha akahesabu nani aliugua nini. Tafiti za namna hiyo tunaziheshimu. Lakini zinaonyesha mambo yanayokwenda pamoja. Hazionyeshi lipi limeleta lipi.

Angalia mtego mmoja. Ili mwanamke ahesabiwe kuwa "mtumiaji", lazima awe ameandikiwa dawa kwa idadi fulani ya siku, na muda wote huo awe hajaugua bado. Aliyeugua mapema huangukia kundi la pili kabla hajapata nafasi ya kuwa mtumiaji. Ni sawa na kulinganisha timu zilizofika nusu fainali na zilizotolewa raundi ya kwanza, halafu ukasema jezi ndizo zilizowavusha. Watafiti makini hurekebisha hilo kwa hesabu, ila si wote. Halafu kuna tofauti za watu wenyewe: mwanamke anayekwenda kwa daktari wa tiba ya Kichina kwa ajili ya joto la ghafla mara nyingi ndiye huyohuyo asiyevuta sigara na anayejali afya yake. Mwenye vidole vilivyovimba tayari huenda moja kwa moja hospitali.

La muhimu kwako ni kwamba wanawake hao huchaguliwa wakiwa hawana ugonjwa. Wewe, mama, tayari una dalili. Hata kama kinga hiyo ingekuwa ya kweli kabisa, wewe umeshapita mlango huo. Na dawa walizotumia ziliandikwa na madaktari wenye leseni, zikatoka viwanda vinavyokaguliwa. Jina kwenye pakiti yako linaweza kufanana na lao, ila kilichomo ndani hakijathibitishwa na mtu.

Hatusemi hivi kwa kudharau tiba ya Kichina. Dawa mseto ya malaria tunayopewa zahanati ina asili ya mmea wa qinghao, ambao kiini chake kilitengwa na watafiti wa China mwaka 1972, na Tu Youyou akapata Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Dawa hiyo ilikuja kuaminika kwa sababu kiini kilitengwa, kikapimwa na kupewa dozi.

Jina nalo lina hatari yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Brussels, Ubelgiji, wanawake waliokuwa wakipunguza uzito walipewa vidonge vilivyopaswa kuwa na mzizi wa han fang ji. Kwa kuchanganya majina, kilichowekwa kilikuwa guang fang ji, mmea mwingine kabisa wenye asidi ya aristolokiki. Figo zaidi ya mia ziliharibika, nyingi zikafa kabisa, na miaka baadaye baadhi ya wanawake hao wakapata saratani ya njia ya mkojo. Taiwan ilipiga marufuku mimea yenye asidi hiyo mwaka 2003. Tunakutajia kisa hiki kwa sababu fang ji huwekwa pia kwenye dawa za maumivu ya viungo. Chukua sanduku la vidonge vyako, ulinganishe maandishi na haya: 防己 ni fang ji, 雷公藤 ni lei gong teng, ule mmea wenye nguvu tutakaoueleza mbele, 何首乌 ni he shou wu, mzizi unaouzwa sana kwa kurudisha nywele weusi na ambao umeharibu maini ya watu wengi. Dawa iliyosajiliwa China huwa na namba yenye herufi Z (dawa ya asili) au H (dawa ya kemikali) ikifuatiwa na tarakimu 8. Isipokuwepo kabisa, hilo ni jibu tosha. Ikiwepo, bado si uthibitisho, kwani namba huchapwa na yeyote. Wala Z haimaanishi mitishamba mitupu: Xiaoke Wan, dawa ya kisukari iliyosajiliwa kihalali, ina glibenklamidi, dawa ya hospitali ya kushusha sukari, miligramu 0.25 katika kila kidonge.

Turudi kwenye mikono. Umri wa kukoma hedhi huleta maumivu ya viungo ya aina tatu zinazochanganywa sana. Kuna maumivu ya homoni kushuka, yanayozunguka mwili bila uvimbe. Kuna kulika kwa viungo, ambako hushika zaidi vifundo vilivyo karibu na kucha na shina la kidole gumba. Kukaza kwake asubuhi huachia ndani ya nusu saa, na uvimbe wake ni mgumu kama mfupa. Na kuna baridi yabisi, ambayo hushika vifundo vya ngumi, vya katikati ya vidole na vile vinavyounganisha kiganja na mkono, pande zote mbili. Hukaza saa nzima au zaidi, na uvimbe wake ukiubonyeza unadidimia kidogo kama embe lililoanza kuiva. Maelezo yako yanafanana na ya tatu, na kuwa na dada mwenye ugonjwa huo kunaongeza uzito. Lakini barua si kipimo.

Omba vipimo hivi: picha kamili ya damu, ESR na CRP (vya uvimbe mwilini), RF na anti-CCP (vya kingamwili za baridi yabisi), ini, kreatinini (ya figo), potasiamu, sukari, tezi ya shingo (TSH), mkojo kuangalia protini, na eksirei ya mikono na miguu. Mwambie daktari tarehe uliyoanza vidonge vyeusi, kwa sababu steroidi hushusha ESR na CRP na kuficha uvimbe. Daktari asiyejua anaweza kukuambia huna kitu. Anti-CCP haifichwi kirahisi hivyo, na ikiwa juu inamaanisha mengi. Kinyume chake, ANA (kingamwili inayotafutwa kwenye lupasi) ikiwa chanya peke yake usishtuke, kwani wanawake wengi wazima wa umri wako wanayo bila ugonjwa wowote. Mabingwa wa viungo ni wachache nchini. Daktari bingwa wa magonjwa ya ndani anaweza kuanza kazi hii vizuri tu.

Ikithibitika ni baridi yabisi, muda ndio kila kitu. Miezi michache ya kwanza ndiyo ambayo mfupa bado haujaliwa. Kuna uwezekano mkubwa wa kupewa methotreksati, dawa ya kushusha ugonjwa huu, na kabla ya hapo utapimwa hepatitisi B, VVU na kifua kikuu. Kwa kuwa umetumia kitu kinachofanana na steroidi, omba na choo kipimwe minyoo ya strongiloidesi, ambayo huweza kusambaa mwilini kinga ikishushwa. Methotreksati humezwa SIKU MOJA TU KWA WIKI. Hapa ndipo watu wanapopoteza maisha: karatasi ya famasi imeandikwa vibaya, mgonjwa anameza kila siku, uboho unakauka. Chagua siku, tuseme Jumatatu, iandike kwa kalamu kwenye boksi, na asidi ya foliki imeze siku nyingine. Damu na ini hupimwa kila baada ya wiki chache mwanzoni. Ukiwa kwenye dawa hii usichanganye na mitishamba ya aina yoyote bila kusema, ya Kichina, ya Kihindi wala ya kwetu.

Watakuja watu kukuambia uache methotreksati utumie lei gong teng. Ndio ule mmea wenye nguvu tuliouahirisha. Unafanya kazi kweli: katika utafiti wa China wa wiki 24 wenye wagonjwa 207 wa baridi yabisi, dondoo yake ya miligramu 20 mara tatu kwa siku haikushindwa na methotreksati. Lakini huua ovari, na wanawake wengi waliokuwa bado wanapata hedhi walikatikiwa. Huweza kuumiza ini, figo na uboho, na nafasi kati ya dozi inayotibu na inayodhuru ni finyu. China hutolewa chini ya daktari, kwa dondoo iliyopimwa. Majani, maua na gome la mzizi wake ni sumu. Haufai kununuliwa kwenye sanduku la mzigo.

Joto la ghafla lina tiba, usilivumilie kimya. Dang gui peke yake ilijaribiwa mwaka 1997 kwa wanawake 71 kwa wiki 24, haikuwa bora kuliko kidonge kitupu kisicho na dawa. Kinachofanya kazi zaidi ni homoni ya estrojeni. Kwa kuwa hedhi imekoma karibuni na hujafika 60, umri unaruhusu, mradi presha ishuke kwanza na usiwe na historia ya saratani ya titi, damu kuganda au ugonjwa wa ini. Kama kizazi kipo, estrojeni lazima iambatane na homoni ya pili, projestini, la sivyo ukuta wa kizazi hunenepa na unaweza kugeuka saratani. Kiraka cha ngozi, kikipatikana, ni salama zaidi kuliko kidonge kwa upande wa damu kuganda. Ikionekana una lupasi badala ya baridi yabisi, mazungumzo yanabadilika: utafiti mkubwa wa mwaka 2005 ulionyesha homoni huongeza milipuko midogo na ya kati ya lupasi, na wenye kingamwili za fosfolipidi, zinazogandisha damu, hawapewi. Usipotaka homoni, gabapentini miligramu 300 wakati wa kulala husaidia jasho la usiku. Asubuhi ya kwanza utaamka na uzito wa kichwa, kwa hiyo ianze siku usiyo na safari.

Na mifupa: kukoma hedhi na steroidi kwa pamoja huitafuna. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao, maziwa, jua la asubuhi, na umuulize daktari kuhusu vitamini D.

Uliuliza kinga ya kutofika alipofika dada. Jambo linalojulikana wazi na lililo mikononi mwako ni sigara na moshi wake, wako au wa aliye nyumbani, kisha kuwahi dawa ya hospitali. Dada naye, kama hana dawa ya kushusha ugonjwa bali anameza za maumivu tu, mchukue mwende pamoja.

Kesho weka haya kwenye mkoba: chupa na sanduku la vidonge vyeusi, pakiti moja ya chenga ambayo haijafunguliwa, amlodipini yako, na karatasi yenye tarehe ya kidonge cha kwanza, idadi kwa siku na kilo zako za kabla na za sasa. Vidonge kumi hivi vibakishe ndani ya chupa yake usivitupe, ili TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba) wakitaka kuvipima vipatikane, na daktari wako ajaze fomu ya kuwapa taarifa. Mdogo wako mpigie simu leo: kama amewaletea na wengine chupa hiyohiyo, nao wasivikate ghafla, waende wakaonwe.